Acheni Kutuuzia Karatasi, Shoneni Juu ya Shuka

Leo nitakosana na wengine wenu na niko sawa tu.

Kila nikifungua simu naona video ileile. Kikombe cha chai, muziki wa pole, mtu anashona viraka vya pembe 6 kwa mkono. Chini wameandika ati hii ndiyo njia "halisi" ya kutengeneza blanketi la viraka, ati ukishona vingine umekwepa kazi. Wueh. Mimi niliamini. Niliamini miezi 7.

Kwa wale hawajui: njia ya karatasi ni hivi. Unakata karatasi ya pembe 6, unakunja kitambaa juu yake, unashikiza kwa uzi, halafu unaunganisha kiraka na kiraka, ukingo kwa ukingo, kwa mishono midogo midogo. Kiraka kikishazungukwa na wenzake unatoa karatasi. Inatoka safi sana, hiyo siwezi kataa. Na ni ya zamani: kule Uingereza kuna shuka la hariri la mwaka 1718 lililoshonwa juu ya karatasi, na bado lipo.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hizo video hazipigi. Nilitaka blanketi la mtoto, futi 3 kwa futi 4. Kiraka changu kilikuwa na upande wa inchi 1. Hiyo ni viraka kama 665. Ukiwa mwepesi, kukata, kushikiza na kuunganisha kimoja ni dakika 10. Jumla ni masaa 110. Nilipolipeleka Gakoromone, mama mmoja aliligeuza, akalisifu, akasema, "Mrembo, nitakupa elfu moja mia tano." Gawanya. Ni kama shilingi 13 kwa saa. Bei ya mandazi moja, na chai ujitafutie.

Simlaumu huyo mama. Pale karibu kulikuwa na blanketi za mitumba, nzito kuliko langu, kwa bei ya chini. Alikuwa na haki ya kushangaa.

Njia ya pili ni ile wanaidharau: kushonea juu ya msingi. Kuna wanaotumia karatasi iliyochorwa mistari na namba. Wanashona kwa mashine wakifuata mstari, mwishoni wanararua karatasi. Ncha zinatoka kali kama wembe, lakini lazima kila kipande kikatwe kikubwa kuliko nafasi yake, na kinachozidi kinaenda kwa pipa. Mimi nasema weka hata hiyo karatasi kando. Chukua shuka kuukuu, kata vipande vya mraba, huo ndio msingi. Weka kitenge cha kwanza katikati. Cha pili kilaze juu yake, uso kwa uso, shona upande mmoja, kigeuze, piga pasi. Endelea ukizunguka mpaka shuka lifunikwe. Hakuna cha kurarua. Shuka linabaki ndani.

Na hapo ndipo njia hii inatufaa sisi watu wa Meru. Kwanza, baridi. Mwezi wa saba hapa chini ya Mlima Kenya unaijua. Shuka la ndani ni safu ya bure. Pili, mabaki ya kitenge kwa fundi hayaji yakiwa yamepangwa. Yanakuja membamba, yamekatwa mshazari, yanavutika ukiyashona peke yake. Msingi unayashika yasipinde. Tatu, mraba mmoja unaumaliza jioni moja, kwa hivyo unajua ukiuza umelipwa ngapi kwa kazi gani.

Najua mtasema: "Sawa, lakini mimi sina mashine. Karatasi ni ya sisi tusio na kitu." Hii ndiyo hoja yenu nzuri, na ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu si kweli. Nani alisema msingi unahitaji mashine? Kule Karnataka, India, kuna Wasiddi. Mababu zao walitoka Afrika, wengi wakipelekwa kama watumwa. Wanawake wao wanashona blanketi zinazoitwa kawandi: wanatandaza kitambaa, mara nyingi sari kuukuu, wanaanza pembeni na viraka vya nguo zilizochakaa, wanazunguka mpaka katikati. Yote kwa mkono. Hakuna karatasi. Hakuna mashine. Pembeni kabisa wanaongeza vitambaa vidogo vilivyokunjwa, wanaviita maua. Uniambie hiyo si halisi.

Sijasema mchome karatasi zenu. Kama unamshonea mtoto wa dadako zawadi, au unataka mikono ifanye kitu kwa matatu ukienda Nkubu, shona pembe 6 zako kwa raha zako. Langu bado ninalo. Sikuliuza, na siliuzi.

Lakini usimwambie msichana aliyemaliza fomu foo, anayetafuta pesa ya kodi, ati aanze na masaa 110 ndiyo awe fundi wa kweli. Huyo unamfundisha kuchoka. Ataacha, na atadhani ni yeye hawezi.

Kwa hivyo Jumamosi hii pita kwa fundi wa mtaa wenu umuombe mfuko wa mabaki. Kwangu fundi alinipa bure, akashukuru nimempunguzia takataka. Tafuta shuka lenye tundu. Shona mraba mmoja tu, na uandike saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Halafu urudi hapa tubishane ukiwa na hesabu mkononi.