Kinamasi cha Yala: Tukikaushe au Tukiache?

Wakulima wenzangu, swali moja huulizwa sana barazani na hata katika ofisi za kilimo: kwa nini kinamasi kikubwa cha Yala kisikaushwe chote, vijana wasio na mashamba wakagawiwa? Swali hili si la upuzi. Sisi wa skimu twajua jinsi ekari chache zinavyoweza kumwinua mtu. Basi tulijibu kwa hesabu, si kwa hasira.

Kinamasi hicho kiko Siaya na Busia, mahali Mto Yala unapokaribia Ziwa Victoria. Ukubwa wake ni hektari 17,500 hivi, yaani ekari 43,000. Kati ya 1965 na 1970 zilikaushwa hektari 2,300, karibu sehemu moja kwa nane. Mwaka wa 2003 kampuni moja ya Marekani ilikuja kulima mpunga hapo, na kufikia 2018 ilikuwa imekwisha ondoka. Kwa hiyo kabla ya kudai ekari nyingine, yafaa tuulize: hizi zilizokwisha kaushwa zalimwa namna gani, na faida yake humfikia nani?

Watu husema sehemu iliyobaki imelala bure. Sivyo. Mto huleta udongo kutoka mashamba ya juu, na mafunjo huukamata kabla haujafika ziwani. Mvua kubwa ikinyesha, kinamasi hupokea maji mengi na kuyaachia polepole. Wenyeji hukata mafunjo wakasuka mikeka, na huvua samaki. Katika Ziwa Kanyaboli, lililomo humo, bado yumo ngege, ambaye karibu atoweke katika Ziwa Victoria baada ya mbuta kuletwa.

Tena, udongo wa mafunjo si kama udongo wa kilimani. Ukikaushwa hunywea na kushuka, na ukishika moto waweza kuungua chini kwa chini. Mavuno mazuri ya miaka ya kwanza si ahadi ya miaka yote.

Tutazame majirani zetu wa Rwanda. Kinamasi cha Rugezi kilichimbwa mifereji na kulimwa. Maji yakapungua katika maziwa yaliyo chini yake, na mnamo 2004 umeme wa kituo cha Ntaruka ulikuwa umepungua sana. Kuharibika kwa Rugezi kulikuwa sababu mojawapo. Serikali yao ikalazimika kukirudisha kinamasi katika hali yake.

Lakini sikubaliani pia na wale wanaotaka kukihifadhi Yala kwa kuwafukuza wenyeji. Mkata mafunjo na mvuvi ndio walinzi wake wa kwanza, maana riziki yao imo humo.

Basi maoni yangu ni haya. Ardhi iliyokwisha kaushwa ilimwe vizuri, na wenyeji wasio na mashamba wafikiriwe kwanza. Iliyobaki isichimbwe mfereji hata mmoja. Na sisi tulio juu ya mto tusijidhani watazamaji tu: udongo unaokwenda Yala ni wetu. Tukate matuta, tupande majani ya ng'ombe kwenye kingo, wala tusilime mpaka ukingoni mwa maji. Udongo ukibaki shambani, mahindi yatapata chakula, na haja ya kutamani kinamasi itapungua.