Bidii Peke Yake Haikutoi Mtaani

Landilodi wetu hapa Kayole akija kuchukua kodi, lazima anipe na somo: "Sisi tulienda shule miguu tupu na tukafika. Nyinyi vijana mnapenda raha tu." Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana. Leo wacha nimjibu, kwa heshima.

Mwaka wa 2012, mwanauchumi wa Marekani Alan Krueger alitumia utafiti wa Miles Corak wa Kanada kuonyesha kwamba nchi zenye pengo kubwa kati ya tajiri na maskini ndizo ambako mtoto wa maskini hutatizika zaidi kumpita mzazi wake. Marekani na Uingereza, karibu nusu ya tofauti ya mapato ya wazazi hujirudia kwa watoto. Denmark, haifiki hata moja kwa tano. Si ati Wadenmark wana bidii kutushinda. Kule chuo kikuu hakina karo, na mwanafunzi hupewa pesa za matumizi.

Sasa angalia hapa kwetu. Wasee wawili wamemaliza kozi moja. Mmoja anakaa kwao Kilimani, anaweza kufanya kazi bila malipo miezi sita mpaka aajiriwe. Mwingine nauli tu inamlemea, anarudi kuuza mitumba. Na hata wote wakiajiriwa kwa mshahara sawa, huyu wa Kayole analipia mamake nyumba na kusomesha wadogo zake, huku mwenzake akinunua ploti. Payslip ni moja, lakini watoto wao hawataanzia mahali pamoja.

Ndiyo, kuna Hazina ya Hasla tangu 2022, mkopo kuanzia Sh500. Hiyo inaongeza sukuma kwa kibanda. Hailipi muhula.

Tukirudi kwa landilodi. Yeye alisoma chuo kikuu miaka ya themanini. Kabla ya 1991, karo ya chuo cha umma ililipwa na serikali, na wanafunzi walipokea hela walizoziita "boom". Mzee alijituma, sikatai. Lakini alijituma akiwa ameshikwa mkono, kisha mlango ukafungwa nyuma yake.

Kodi nitalipa, mzee. Ila hilo somo, anza na sura ya boom.