Majina ya Maharusi na Weusi Uliokuja Nayo

MEZA YA MKASI
Na Athumani Mwinyimkuu

Wiki iliyopita nilikuwa namalizia video ya harusi ya mtoto wa dada yangu. Kijana mmoja wa Kariakoo, fundi kweli wa After Effects, alitutengenezea majina ya maharusi: herufi za dhahabu zinazojichora taratibu, zinameta, kisha zinatoweka. Sekunde kumi tu. Mimi nahariri kwa DaVinci Resolve, kwa hiyo akanirushia kwa WhatsApp. Nikayaweka juu ya picha ya bibi harusi akishuka garini. Dhahabu ilikuwapo, lakini imekuja na bonge la weusi lililomfunika binti wa watu kuanzia shela hadi viatu.

Nikampigia. "Mzee, kwangu iko safi kabisa," akasema. Nami namwamini. Kwake ilikuwa safi.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunadhani uwazi ni mahali ambapo hapana kitu. Sivyo. Kila nukta ya picha ina namba tatu za rangi: nyekundu, kijani na buluu. Namba ya nne, inayoitwa alfa, husema nukta hiyo izibe kilicho nyuma yake kwa kiasi gani. Alvy Ray Smith na Ed Catmull waliibuni New York mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla kijana wangu hajazaliwa. MP4 ya kawaida, ile ya H.264 inayotoka kwenye kila kompyuta, haibebi namba hiyo. Ukitoa faili kwa mfumo huo, alfa inabaki nyumbani na weusi unasafiri badala yake.

Wajanja watasema: badilisha namna ya kuchanganya iwe "screen", weusi utayeyuka. Nimefanya hivyo miaka mingi, sikatai, na kwa cheche na miali ya mwanga inafaa. Lakini herufi zetu zilikuwa na kivuli, na kivuli nacho kikayeyuka. Halafu dhahabu ilipopita juu ya shela jeupe, ikapotea yote.

Akarudia kwa ProRes 4444, ambayo hubeba alfa. Sasa herufi zikaja na ukingo wa masizi, kama sufuria ya kuni. Hapo alikuwa ametoa rangi zilizokwisha kuchanganywa na weusi, na programu yangu ikazisoma kama hazijachanganywa. Dawa yake ni kubadili mpangilio mmoja tu kwenye sifa za klipu. Dakika moja, kwa anayejua. Asiyejua anakesha.

Kampuni za programu hazina haraka ya kutusaidia. Kila moja inataka tuhamie kwake na mizigo yetu yote. Violezo vya maandishi vya Adobe hufunguka Premiere, lakini Resolve haivitambui. Na sisi tunaofundisha vijana tunawaonyesha kitufe kilipo, hatuwaambii kitufe kinafanya nini. Lawama hiyo naibeba mimi pia.

Msimamo wangu ni wa kizamani: toa mfululizo wa picha za PNG. Sekunde kumi kwa fremu 25 ni picha 250. PNG inabeba alfa, na kanuni zake haziruhusu rangi kuchanganywa na weusi mapema, kwa hiyo ugomvi wa masizi haupo. Programu yoyote ya maana inazisoma. Utaniambia ni nzito. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ikiwa ghafi ni karibu megabaiti 8.3, lakini sehemu kubwa ya fremu ya majina ni tupu, na PNG huibana bila kupoteza kitu. Kasoro yake ni kwamba haina sauti, na picha moja ikipotea kuna pengo.

Saa nne usiku kijana alifika na bodaboda, flashi mfukoni, folda imeandikwa HARUSI_FINAL_FINAL_3. Nikaziingiza. Dhahabu ikapita juu ya shela, na kivuli chake kikaifuata.

Kwa hiyo nawaomba mnaonitengenezea majina: leteni folda, si MP4, na andikeni juu yake ni fremu ngapi kwa sekunde. Nauli ya bodaboda nitalipa mimi.