UJIRANI MWEMA: Mahali pa Kuweka Motokaa



Juma hili nataka tuzungumze juu ya ugomvi ambao babu zetu hawakuujua, yaani ugomvi wa mahali pa kuweka motokaa. Huenda msomaji mmoja atacheka na kusema, "Hilo ni shauri la watu wa mjini. Sisi wa kijijini latuhusu nini?" Ngoja kwanza, ndugu. Kila mwaka Desemba ikifika, wana wetu walio Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani kwa Noeli. Wenyeji wa Kilimanjaro wajua vizuri habari hii. Njia nyingi za Marangu, Kibosho na Rombo ni nyembamba, huku migomba na huku migomba, na siku zile motokaa husimama zimepangana kama siafu. Katika vijiji vingine mambo huwa hivyo siku za harusi na za maziko.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua njia yenye upana wa mita 4. Motokaa moja ikisimama kando yake inakula karibu mita 2. Zimebaki mita 2 tu. Gari la wagonjwa, pamoja na vioo vyake, lina upana unaokaribia hizo mita 2. Basi, dereva akikosea kidogo, au motokaa ikisimama vibaya kidogo, gari la wagonjwa halipiti. Mama mwenye uchungu wa kuzaa atabebwa kwa machela usiku, katika matope, hali mwenye motokaa amelala usingizi kwa shemeji yake, na ufunguo u mfukoni. Hapo ndipo tunapoona kwamba jambo hili si dogo.

Shina la ugomvi ni swali hili: Njia iliyo mbele ya nyumba yangu ni ya nani? Wengi hudhani ni yao. Wasema, "Hapa ni mlangoni pangu, nani athubutu kuweka gari lake?" Huko Uingereza, nchi yenye motokaa nyingi na nyumba nyingi zisizo na ua wa kutosha, majirani hugombana sana kwa sababu hiyo. Lakini sheria yao haimpi mtu haki ya kuwa na mahali pa motokaa mbele ya nyumba yake kwa sababu tu anakaa hapo. Barabara ni ya watu wote. Kinachokatazwa ni kumzibia mwenzio. Kitabu chao cha kanuni za barabarani chasema usisimamishe gari mbele ya mlango wa kuingilia magari katika nyumba ya mtu, wala usilisimamishe karibu na njia panda kwa umbali usiotimia mita 10. Hivyo ndivyo sheria yao inavyopambanua mambo mawili: kusimama mbele ya nyumba ya mtu, na kumfungia mtu njia yake. La kwanza laweza kuudhi tu. La pili ni kosa.

Sasa twende Marekani, katika mji wa Boston. Huko majira ya baridi theluji huanguka nyingi hata kuzifunika motokaa njiani. Mwenye motokaa huchukua sepetu akachimba kwa saa nyingi mpaka gari lake litoke. Akienda kazini, ataacha kiti kikuukuu mahali pale, au pipa, kuwa alama: "Hapa nimepatolea jasho, pasichukuliwe." Desturi hiyo ipo hata Chicago, mji ulioangukiwa na theluji ya kina cha sentimita 58 hivi mwezi wa Januari 1967. Majirani wengi huiheshimu alama hiyo. Lakini wako wanaokiondoa kiti, na wako wanaolipiza kisasi kwa kuchana magurudumu ya yule aliyekiondoa. Tazama, kiti cha kutupwa chageuza majirani kuwa maadui!

Serikali ya mji wa Boston ilitafuta njia ya katikati. Ilikubali kwamba aliyefanya kazi astahili kupumzika katika matunda ya kazi yake, lakini si milele. Alama huvumiliwa kwa muda wa saa 48 tangu kutangazwa kwamba hatari ya theluji imekwisha. Baada ya hapo kiti huondolewa, na mahali pale hurudi kuwa pa wote. Hata hivyo, wakazi wa mtaa wa South End waliona afadhali kutokuwa na viti kabisa, na tangu 2015 hawaviruhusu. Mitaa miwili ya mji mmoja ina mapatano mawili mbalimbali. Jambo kubwa ni kuwa na mapatano yanayojulikana na wote.

Wajapani walianza mbali zaidi. Mwaka 1962 walitunga sheria kwamba anayetaka kumiliki motokaa lazima kwanza aonyeshe anapo mahali pa kuiweka, nje ya barabara. Sheria hiyo ingalipo. Siku hizi mahali hapo pasiwe mbali na makao yake kupita kilomita 2, na polisi ndio wanaotoa hati ya kuthibitisha. Tena sheria yakataza kuacha gari mahali pamoja barabarani usiku kwa saa 8 au zaidi. Ndiyo kusema, kule mtu haulizi tu, "Fedha ya kununua ninayo?" Auliza pia, "Nitaiweka wapi bila kumwudhi jirani?" Swali hili twaweza kulichukua bila kungoja sheria. Kijana anayeweka akiba anunue gari na aanze kwa kusafisha uwanja nyumbani kwa baba yake.

Lakini kwa nini twende mbali? Wachaga wenyewe wanalo funzo katika mifongo yao, ile mifereji ya kuleta maji kutoka mlimani. Maji yalikuwa machache kuliko mashamba, kama vile nafasi za njiani zilivyo chache kuliko motokaa. Wazee hawakusema, "Mfongo wapita kwangu, basi maji ni yangu." Waligawana kwa zamu. Asiyekuja kusafisha mfereji siku ya kazi alitozwa faini au alinyimwa zamu yake. Mtu alipata haki kwa kazi, na haki hiyo ilikuwa na kipimo chake. Yale waliyoyafikia watu wa Boston kwa kiti na saa 48, wazee wetu waliyajua kwa jembe na zamu.

Basi, kabla Desemba haijafika, yafaa nyumba kumi kumi, pamoja na balozi au mwenyekiti wa kitongoji, wakae nusu saa wapatane mambo haya:

Kwanza, upande mmoja wa njia uwe wa kusimamisha motokaa, na upande wa pili uwe wazi siku zote. Penye njia nyembamba mno, pasisimame gari hata moja.

Pili, patafutwe uwanja mmoja wa wageni, kama ukumbi wa kijiji au shamba lililokwisha kuvunwa. Mwenye shamba apewe ahsante ya kufaa, na vijana wapasawazishe siku moja kabla.

Tatu, kila mwenye motokaa aache kwa mwenye nyumba jina lake na namba ya simu, aliandike hata kwenye karatasi iliyo nyuma ya kioo cha mbele. Gari lenye namba ya simu huondolewa kwa dakika tano. Lisilo na namba huamsha kijiji kizima.

Nne, anayekuja kwa siku mbili ampishe aliye na mgonjwa nyumbani, au mzee asiyeweza kutembea. Hao ndio wa kwanza kupata mahali pa karibu.

Na kama jirani amekwisha kukuzibia njia? Usiandike maneno makali kwenye vumbi la kioo chake, wala usitoe upepo magurudumuni. Gari lisilo na upepo halitaondoka, nawe umejifungia mwenyewe. Nenda kwake, piga hodi, amkia kama ipasavyo. Sema haja yako, usiseme kosa lake. "Shikamoo, Baba. Nina mzigo wa majani ya ng'ombe, nami nashindwa kupita. Naomba kijana wako asogeze gari kidogo." Ni watu wachache sana watakaokataa ombi la namna hiyo. Lakini ukianza kwa, "Ninyi watu wa mjini mna kiburi," atatetea kiburi chake, na majani yatanyauka njiani.

Akikataa mara ya pili, usigombane naye peke yenu wawili. Mwendee balozi, na mzungumze mchana, si usiku baada ya pombe. Maana ugomvi wa usiku huanza na motokaa, ukaishia kwenye mpaka wa shamba na madeni ya mwaka juzi.

Nanyi wana wetu mnaotoka mjini, neno moja kwenu. Baada ya Mwaka Mpya mtaondoka na motokaa zenu, lakini baba na mama watabaki na jirani yule yule. Yeye ndiye atakayesikia mama akiita usiku, ninyi mko mbali kwa mwendo wa siku nzima. Msimwachie mama yenu deni la chuki kwa sababu ya mita mbili za njia. Mkifika, kabla hamjashusha mizigo, mtumeni mmoja wenu akamwulize jirani, "Baba, gari tuliweke wapi lisikusumbue?"

Wenye mapatano mema katika vijiji vyao watuandikie, tuyatie hapa wengine wapate kujifunza. Kwaherini mpaka juma lijalo.