Oili Nzito na Baridi Kali

Wapo mafundi wengi, na hata baadhi ya walimu, washikiliao kwamba oili nzito ndiyo oili bora. Imani hiyo haina budi kupingwa darasani, na mfano ulio wazi wa kuipinga unatoka mbali: Finland, Kanada na Siberia, ambako wawindaji na wakata miti huendesha pikipiki za magurudumu manne katika baridi ya nyuzi 30 au hata 40 chini ya sifuri.

Msomaji atadhani kwamba taabu yote ni kuiwasha injini. La. Injini ikishawaka hujipasha moto yenyewe. Mashaka makubwa zaidi yamo katika sehemu zipitishazo nguvu hadi magurudumuni, kwani gia hazina moto wake zenyewe.

Oili itokanayo na mafuta ya ardhini huwa na nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hiyo huganda, nayo oili huwa mfano wa samli. Gia ikizunguka hukata mfereji ndani yake, na oili haitiririki tena kuuziba. Hapo hutokea ajabu: sanduku la gia limejaa oili, lakini meno ya gia yanasagana makavu! Mwenye chombo akipima kwa kijiti ataona kiasi ni kamili. Ndiyo maana chama cha wahandisi cha Marekani, SAE, kimeweka viwango. Oili ya 75W yatakiwa mnato wake usizidi sentipoizi 150,000 katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Ile ya 80W hupimwa kwa kiwango hicho hicho katika nyuzi 26 tu chini ya sifuri. Maji ya kawaida yana sentipoizi 1 hivi.

Tena vyombo vingi vya aina hii hutumia mkanda wa mpira upitao baina ya kapi mbili. Mpira ukipoa sana hupoteza unyumbufu. (Mpira wa namna hiyo ndio ulioponza chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986, wakafa watu 7.) Mkanda mkavu ukivutwa ghafula huteleza juu ya kapi, mtelezo huzaa joto mahali pamoja, na mkanda huungua hali nje kuna theluji. Dereva mwenye busara huiacha injini iungurume dakika kadhaa, kisha huenda polepole kwa gia ya chini. Asiye na subira huweza kukatikiwa mbali na makazi, na katika baridi ile kurudi kwa miguu ni kuhatarisha uhai.

Nathubutu kusema kwamba sisi tunaifundisha mada ya mnato kama msamiati wa kukaririwa. Mwalimu na achukue mafuta ya nazi, ambayo huganda karibu na nyuzi 24, na oili ya gia. Azitie katika barafu iliyochanganywa na chumvi, kisha adondoshe gololi katika kila kimoja. Halafu awaulize wanafunzi: kopo la oili lililoandikwa 80W-90 lina namba mbili, ya kwanza ya baridi, ya pili ipimwayo katika nyuzi 100. Ni ipi imhusuyo zaidi dereva wa Dodoma, na kwa nini?