SABUFA INAUNGURUMA? USIKUBALI FUNDI AKATE ETHI (Usalama wa mtoto nyumbani, sehemu ya 6)

Leo naweka chanjo na uji pembeni kidogo, tuongee sabufa.

Mwenzenu nilinunua amplifaya na spika zake, nikaunganisha na TV na king'amuzi hapa nyumbani Mbeya. Ikawa inaunguruma mmmmm muda wote, hata sauti ikiwa chini. Fundi akaja, akakata kile kipini kirefu cha plagi, yaani cha ethi. Kimya! Nikalipa na asante juu. Wiki haijaisha, mwanangu katoka kunawa, mikono ina maji, yuko peku kwenye sakafu ya saruji, akashika boksi la amplifaya. Akaruka: "Mama, inaning'ata!" Mungu alisaidia, alishtuka tu.

Jamani, ethi ipo ili umeme ukivuja kwenye bati, upite kwenye waya na fyuzi ikatike, usipite kwa mtoto. Kuikata ili kelele iishe ni kama kumpa mtoto panadol homa ishuke bila kumpima malaria.

Mara nyingi mvumo unakuja kwa sababu vifaa viko kwenye soketi tofauti, halafu ethi zake zinakutana tena kupitia nyaya za sauti au waya wa dishi. Umeme wetu ni wa hezi 50, ndiyo sauti nzito unayoisikia. Jaribu hivi:

1. Zima vyote. Chomeka TV, king'amuzi na amplifaya kwenye ekstensheni moja nzima yenye ethi.
2. Bado? Zima, chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, washa tena. Mvumo ukiisha, mwite fundi arekebishe ethi ya dishi.
3. Nyaya za sauti zisilale pamoja na za umeme. Zilizolegea badilisha.
4. Ukichomoa nyaya zote za sauti na bado inaunguruma, ubovu uko ndani ya amplifaya, huenda ni kapasita. Peleka kwa fundi, usifungue mwenyewe.

Na ile tabia ya kuchomeka kijiti au kalamu tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, tuiache. Nimeiona kwetu Iringa, nimeiona Mbeya. Mtoto anatuangalia, kesho atachomeka msumari.

Akipigwa shoti, usimshike kwanza. Zima meinswichi, ndipo umguse. Kisha mpeleke hospitali hata kama anacheka.

Mimi bora nisikilize mvumo mwaka mzima kuliko kukimbia na mtoto usiku. Jioni hii geuza plagi zako uangalie. Ukikuta iliyokatwa kipini, ichomoe leo leo, halafu niandikie hapa chini umekuta ngapi.

Nesi wenu.