Makapi ya Matunda Yakaushwe Yanapotoka

Upande wa magharibi wa Milima ya Upare, kuanzia Hedaru na Makanya hadi mji wa Same, kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho kinachompima mfugaji. Nyasi hukauka, mbuzi jike hupungukiwa maziwa, na mtoto aliyekwisha kuachishwa kunyonya hudumaa au kufa. Ni wakati huo huo ambapo maganda na makapi hutupwa jalalani popote matunda yanapokamuliwa.

Wapo wanaoshauri kwamba mfugaji ayachukue makapi hayo akalishe mifugo yake, na mambo yaishie hapo. Shauri hilo lina upungufu. Ganda bichi la chungwa au la embe ni maji yapata nne kwa tano. Mama anayepandisha gunia la kilo 50 hadi Suji au Mbaga hubeba kilo 10 hivi za chakula. Zilizobaki ni maji, na baada ya siku chache gunia lote huota kuvu. Si haki kumtwisha mfugaji gharama hiyo. Mwenye kukamua ndiye apasaye kukausha, kwa kuwa makapi yako kwake, na jua la tambarare ya Same halinunuliwi. Katika Florida, Marekani, na huko Brazil, viwanda vya maji ya machungwa hukausha makapi papo hapo na kuyauza kuwa chakula cha mifugo. Kikundi kidogo cha usindikaji hakihitaji mitambo ya namna hiyo. Turubai, kisu cha kukatia vipande vyembamba na mtu wa kugeuza vyatosha kwa kuanzia.

Wapare hawana haja ya kufundishwa maana ya akiba. Ndiva zao, yale mabwawa ya kale ya milimani, hujazwa maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe mashambani mchana. Maganda ya embe yanahitaji hekima hiyo hiyo. Embe huiva kwa wingi kati ya Novemba na Februari, wakati majani yapo. Bila kukaushwa, maganda yake hayawezi kukiona kiangazi. Machungwa ya Muheza, katika mkoa jirani wa Tanga, huiva kwa wingi katikati ya mwaka, hivyo maganda yake humfaa mbuzi bila kungoja sana.

Lakini mtoto wa mbuzi si mbuzi mdogo tu. Azaliwapo, tumbo lake la kucheulia bado halifanyi kazi. Huishi kwa maziwa, na huanza kuonja majani katika juma la pili au la tatu. Kumjaza makapi matamu mapema ni kumdhuru, maana sukari nyingi huchacha tumboni na kuleta asidi na kuhara. Apewe kiasi kidogo mno, akiongezewa polepole kadiri anavyozoea, na nyasi zisikosekane. Tena makapi hutia nguvu lakini hayajengi mwili. Makapi makavu ya machungwa yana protini asilimia 6 au 7 hivi, hali mtoto anayekua huhitaji yapata 14 hadi 16. Pengo hilo huzibwa kwa mashudu ya alizeti au ya pamba, au kwa majani ya lusina, ambayo nayo yasizidi theluthi moja ya chakula, kwa sababu yana sumu yake.

Parachichi ni jambo jingine kabisa. Zao hilo linapendwa sana siku hizi, na mtu aweza kudhani kwamba maganda yake ni sawa na ya embe. Sivyo. Majani, maganda na kokwa za parachichi zina sumu iitwayo pesini, iwezayo kuharibu kiwele na moyo wa mbuzi. Anayesindika parachichi azifukie takataka zake shimoni, mbali na njia ya mifugo, wala asizichanganye kamwe na maganda yaliyoanikwa.